Steve Alikuwa Mwanamke

Ukiwasikia vijana wa kompyuta wakivutana na mabosi wao, eti warudi ofisini au wabaki nyumbani, usidhani ugomvi huo ulizaliwa na Korona mwaka 2020. Ni wa zamani. Mimi nikiutafuta mzizi wake nafika kwa mama mmoja wa Uingereza aliyekuwa akisaini barua zake kwa jina la kiume.

Stephanie Shirley aliingia Uingereza mwaka 1939, mtoto wa miaka mitano anayewakimbia Wanazi. Alipokua akazijua kompyuta za mwanzo mwanzo, lakini kazini akagonga ukuta: mwanamke hapandi cheo. Mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake, Freelance Programmers, nyumbani kwake, kwa mtaji wa pauni 6. Aliowaajiri ni wanawake wenye ujuzi ambao ndoa na uzazi vilikuwa vimewatoa kazini. Kati ya watu wake 300 wa kwanza, wanawake walikuwa 297.

Utauliza, kompyuta za nyumbani mwaka 1962 zilitoka wapi? Hazikuwepo. Kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Akina mama hawa waliandika programu kwa penseli, kwenye karatasi, mtoto akiwa amelala. (Sisi tunaoandika hadithi kwenye meza ya chakula hatuna la kushangaa hapo.) Mengine yote yalipita kwenye simu. Na simu ina masikio! Ili mteja asisikie kelele za watoto, Shirley aliwasha kanda yenye mlio wa taipureta. Barua zake hazikujibiwa mpaka mumewe alipomshauri asaini “Steve”. Hapo majibu yakaanza kuja. Baadhi ya kazi zao zilihusu kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Basi angalia: kazi ya nyumbani haikuanza kama starehe. Waliianza watu ambao ofisi iliwafungia mlango.

Wakubwa waliipenda baadaye, walipoona faida. Mwaka 1973 Mmarekani Jack Nilles alikuwa akitafiti namna ya kuwapunguzia watu wa Los Angeles safari za kwenda kazini. IBM ikaenda mbali zaidi: mwaka 2009 ilitangaza kwamba asilimia 40 ya wafanyakazi wake 386,000 hawakuwa na ofisi ya kawaida, na ikajisifu kwa fedha ilizookoa kwenye majengo. Mwaka 2017 IBM hiyohiyo ikawaita maelfu warudi. Yahoo ilikwisha kufanya hivyo mwaka 2013. Hata Zoom, kampuni iliyotajirika kwa mikutano ya mbali, mwaka 2023 iliwataka wanaoishi karibu na ofisi zake wafike siku 2 kwa wiki. Jamani!

Sababu wanayotoa ni kwamba mawazo mazuri huzaliwa watu wakikutana ana kwa ana. Siikatai yote, kijana mgeni kazini hujifunza mengi kwa kukaa jirani na fundi. Ila kama ukweli huo ulikuwa mzito hivyo, mbona haukuonekana wakati majengo yanauzwa? Mimi naona anayehamahama ni bosi. Akiwahitaji sana watu, nyumbani panafaa. Wakiwa wengi mlangoni, panageuka kuwa pa wavivu.

Shirley alipima kazi iliyokwisha, si saa za kukalia kiti. Na wale waliokuwa wakiandika kwa penseli aliwagawia hisa. Kampuni ilipoingia soko la hisa mwaka 1996, 70 kati ya wafanyakazi wake wakawa mamilionea.

Alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91. Januari ya mwaka huohuo Amazon ilikuwa imeanza kuwataka watu wake wa ofisini wahudhurie siku 5 kwa wiki. Katika baadhi ya miji agizo lilibidi lisubiri kwanza, maana meza hazikutosha.