Hatia na Majuto: Historia Fupi ya Muuaji katika Sanaa ya Kiswahili na Filamu ya Kenya

Kila ninaposahihisha insha za fasihi hapa Loresho, hukutana na sentensi hii: mhusika fulani "ana hatia". Mtahiniwa hakusudii kwamba mhusika amehukumiwa. Anakusudia kwamba hapati usingizi. Hatia ni neno la mahakama. Mtu hupatikana nayo. Majuto hukaa nafsini, na dhamiri humsuta mtu hata pale ambapo hakuna askari aliyebisha mlangoni.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na hatia. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960, ni kitendawili: Bwana Ali ameuawa, nani kamuua? Bwana Msa na kiko chake wanakitegua. Muuaji akishatajwa, kazi imekwisha. Msomaji haulizi alilalaje siku zile zote.

Swali hilo lilikuja na Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka wa 1968. Humo muuaji tunamjua mapema. Tunabaki kumtazama akiuona mzimu wa Banquo karamuni, na mkewe akinawa mikono usingizini ili aondoe damu ambayo hakuna mwingine anayeiona. Hakuna mpelelezi. Kwa maoni yangu, waandishi wetu wa riwaya za uhalifu walimfuata sana Bwana Msa, wakamwacha Makbeth kwenye rafu.

Kisha Kenya ikapatwa na lake. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza. Kesi za viongozi zilifika The Hague na zikaporomoka, ya mwisho mwaka wa 2016. Wengi waliochoma nyumba na kuua majirani hawakuwahi kusimama kizimbani. Hatia haikupatikana. Je, majuto?

Hapo ndipo filamu ya Judy Kibinge, Something Necessary (2013), inapoingia. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe katika ghasia hizo. Mwanawe yu mahututi na shamba lake limeharibiwa. Joseph ni kijana aliyekuwa katika genge la ghasia. Angeweza kutoweka, kwani hakuna anayemsaka kwa niaba ya sheria. Badala yake anavutwa kule kule kwa Anne, kama mtu aliyeacha kitu chake pale. Mtazamaji hatafuti muuaji. Anamsubiri ajikabili. Mwalimu anayefundisha uhusika atapata hapa mfano bora kuliko fasili yoyote ya kitabuni: sifa ya mhusika inajitokeza katika hatua za miguu yake kabla hajatamka neno.

Wanafunzi wangu, wengi wao kutoka Kangemi jirani, walizaliwa mwaka ule wa ghasia au baadaye. Nilipowasimulia kisa hiki walibishana. Wengine walimwita Joseph mwoga, wengine mwungwana aliyepotoka. Msichana mmoja wa nyuma, asiyependa kuzungumza, akauliza: "Mwalimu, akishajuta, yule mama analazimika kumsamehe?"

Kengele ililia. Nilimwambia aandike jibu lake ukurasa mmoja, aniletee kabla sijampa langu.