Ukuzaji tishu wa mimea ya dawa iliyobadilishwa jeni

Ukuzaji tishu wa mimea ya dawa iliyobadilishwa jeni ni mbinu ya maabara ambayo kwayo kipande cha mmea hutiwa jeni ngeni, kisha hukuzwa katika chombo kisicho na vijidudu hadi kiwe mizizi au mche kamili. Shabaha yake ni kuongeza kiasi cha dawa ambayo mmea huitengeneza, au kubadili aina yake.

Vipande vya jani au shina hutakaswa, kisha hulowekwa katika maji yenye bakteria Agrobacterium tumefaciens. Bakteria huyu kwa maumbile yake huingiza sehemu ya DNA yake katika seli za mmea. Watafiti huziondoa jeni zinazoleta uvimbe na kuweka ile wanayoitaka, pamoja na jeni ya kustahimili kiuavijasumu kama kanamisini. Baadaye vipande huwekwa kwenye aga yenye madini, sukari na vitamini, mara nyingi kwa kanuni ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962. Kanamisini inayotiwa humo huzuia seli zisizopokea jeni. Homoni huelekeza ukuaji: auksini ikizidi huota mizizi, sitokinini ikizidi huchipua machipukizi. Miche hupimwa DNA, ndipo huzoeshwa udongo polepole.

Bakteria mwingine, Agrobacterium rhizogenes, huzalisha mizizi-nywele, inayokua haraka bila kuongezewa homoni. Hufaa kwa mimea ambayo dawa yake hutengenezwa mizizini. Kwa Artemisia annua, jamii ya pakanga, haisaidii sana, kwani artemisinini ya kutibu malaria hutengenezwa katika vitezi vya majani na maua. Hapo mmea kamili huhitajika.

Mfano mashuhuri ni wa mmea Atropa belladonna. Kwa kawaida alkaloidi yake kuu ni hiosiamini. Mwaka 1992 watafiti nchini Japani walitangaza kuwa wameutia jeni ya kimeng'enya kinachogeuza hiosiamini kuwa skopolamini, kutoka mmea Hyoscyamus niger, na majani yake yakawa na skopolamini karibu tupu. Skopolamini hutumika kuzuia kichefuchefu cha safarini.

Mbinu hii ina mipaka. Gharama za maabara ni kubwa, na seli zinazokuzwa kwa muda mrefu huweza kubadilika zenyewe. Aidha, mimea hii husimamiwa kisheria. Kenya, kwa mfano, ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009.