Mbu, usubi na mbung'o: Yampasayo kuyajua anayepanga safari ndefu ya miguu kutoka Nkubu

MTU aliyesimama sokoni Nkubu alfajiri ya Julai, amejikunyata ndani ya sweta huku ukungu ukiteremka kutoka msituni, ni vigumu kumshawishi kwamba chandarua ni mojawapo ya vitu vya lazima mkobani mwake. Mawazo yake yote yako mlimani: baridi, upepo na viatu. Ilhali kinachoweza kuivuruga safari yake aghalabu hakiko kule juu aendako, bali kule chini atakakolala siku mbili tatu za kwanza.

Mji huu wa Imenti Kusini, Kaunti ya Meru, uko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Embu na Chuka, kusini kidogo mwa mstari wa ikweta. Upande wa magharibi ardhi inapanda kupitia mashamba ya kahawa na chai hadi msitu wa Mlima Kenya. Upande wa mashariki inateremka hadi Mitunguu na nyanda za Tharaka, penye joto, mashamba ya kumwagilia maji na mito inayoelekea Tana. Mwenye miguu yake anaweza basi kuanzia kwenye joto la Mitunguu, apande hadi Nkubu, afuate vilima kuelekea Chogoria, kisha aukabili mlima hadi kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985. Katika safari moja kama hiyo atapita katika makao ya wadudu wa aina nyingi, kila mmoja na saa zake na mahali pake.

Tuanze na mbu wa malaria, ambaye ndiye hatari kubwa kupita wote. Huyu ni anofelesi jike, naye huuma tangu giza linapoingia hadi kunapopambazuka. Baridi haimwui mara moja. Inachofanya ni kuvikawiza vimelea vilivyomo ndani yake. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, vimelea vya malaria hatari zaidi huchukua muda mrefu mno kukomaa, na mara nyingi mbu hufa kabla havijawa tayari kuambukizwa. Hii ndiyo sababu malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hata hivyo, jambo hilo lina upande wa pili. Mkazi wa nyanda za juu, kwa kuwa hakuumwa mara kwa mara tangu utotoni, hana ile kinga ya mwili aliyo nayo mtu mzima wa kando ya Ziwa Victoria. Akiteremka akalale Mitunguu usiku mmoja bila chandarua, yeye ni mgeni sawa na mtalii aliyetoka London.

Fauka ya hayo, malaria haijitokezi papo hapo. Tangu mtu kuumwa hadi homa kuanza hupita siku saba au zaidi, mara nyingi kati ya 10 na 15. Hesabu hiyo inapaswa kumshtua mwenye kupanga safari ya siku 10. Aliyeumwa usiku wa kwanza bondeni anaweza kuanza kuugua akiwa amepiga hema juu ya mstari wa miti, mahali ambapo kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu ni mambo ya kawaida kwa kila mpandaji. Wenzake watasema ni mwinuko tu, apumzike atapata nafuu. Mwinuko kweli huleta dalili hizo, lakini homa kali yenye kutetemeka si dalili yake ya kawaida. Mwenye homa ateremshwe bila kuchelewa na apimwe damu. Kuteremka ni tiba ya mwinuko pia, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Kutokana na hayo, kazi kubwa ya kujikinga hufanyika mezani kabla ya kufunga mizigo. Ratiba ipangwe ili nyanda za chini zipitwe mchana, na jioni iwakute wasafiri wamekwisha kupanda. Ikiwa hapana budi kulala bondeni, hema lipigwe mbali na mifereji, madimbwi na mazizi ya ng'ombe, mahali panapopata upepo, nalo lifungwe kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Vipindi vya kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, ndivyo wapandaji huvipenda kwa sababu ya njia kavu, na kwa bahati njema ndivyo vyenye mbu wachache kuliko majuma yanayofuata mvua. Lakini palipo na maji ya kumwagilia mashamba, kiangazi hakimalizi mbu. Watokao Nairobi na kulala njiani Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, wakumbuke hilo. Mbu walio wengi huko hupenda kunyonya damu ya ng'ombe, na mbu wa tabia hiyo hutafuta chakula chake nje, hapo hapo alipo mwenye hema. Dawa za kumeza za kuzuia malaria zipo, ila aina na kipimo ni shauri la daktari, nalo liulizwe mapema kwa sababu baadhi huanzwa siku kadhaa kabla ya safari.

Mdudu wa pili hasikiki wala haonekani kwa urahisi. Usubi ni mdogo sana kuliko mbu, na aina fulani hueneza kala-azar, ugonjwa wa homa ya majuma mengi, kukonda na kuvimba bandama, ambao huua usipotibiwa. Kitui ilipatwa na mlipuko mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ugonjwa huu unajulikana pia Baringo, Marsabit na Wajir. Usubi wa maeneo hayo makavu hukaa mchana ndani ya vichuguu vya mchwa na kutoka usiku. Kwa hiyo kichuguu kinachoonekana kufaa kwa kuegemeza mgongo jioni ni jirani mbaya. Tena, usubi hupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Kinachofaa ni chandarua kilichotiwa dawa au chenye matundu madogo zaidi.

Mbung'o ni wa mchana. Wapo katika Mbuga ya Taifa ya Meru na vichaka vya jirani, na huvutwa na kitu kinachotembea. Hupenda rangi ya samawati iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ajabu ni kwamba wapandaji wengi hununua mavazi ya rangi hizo hizo! Kaki au kijivu chepesi, kitambaa kizito kidogo, ndivyo vinavyofaa, maana dawa za kujipaka hazimzuii vyema mdudu huyu. Kuhusu malale, hofu imepungua: Shirika la Afya Duniani lilithibitisha Agosti 2025 kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Kinachobaki ni maumivu, na nagana kwa mifugo.

Anayenuia kuendelea kaskazini hadi Isiolo, ambako homa ya manjano ilitangazwa Machi 2022, achanjwe kwanza. Mbu wake huuma mchana, wakati ambao chandarua hakisaidii.

Msituni kuna siafu na kupe. Siafu huepukwa kwa kumulika ardhi kabla ya kupiga hema. Kupe kwa kuingiza suruali ndani ya soksi na kujikagua kila jioni, hasa kwapani na nyuma ya magoti.

Dawa za kujipaka zenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, au icaridin ya asilimia 20, ndizo za kutegemewa. Mafuta ya kuzuia jua yatangulie, dawa ifuate. DEET huharibu plastiki, kwa hiyo miwani na saa viwekwe mbali. Nguo na hema hutiwa permethrin, ambayo ni mwigo wa kiwandani wa sumu iliyo katika ua la pareto, zao lililoipatia Kenya sifa duniani kwa miongo mingi na ambalo wazee wengi wa nyanda za juu za Meru wanalifahamu. Haipakwi mwilini, na nguo hizo zisifuliwe mtoni kwa sababu huua samaki.

Mwishoni mwa kila siku, kiongozi wa msafara aandike daftarini kundi limelala wapi. Mtu akishikwa na homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurejea, hata kama alikwisha kusahau safari, aende na daftari hilo hospitalini, amwambie daktari ni usiku upi alilala bondeni, na aombe apimwe malaria siku iyo hiyo.