Ngozi ya Popo na Sare ya Kazi

Kusini-magharibi mwa kitovu cha jiji la Birmingham, katika kitongoji cha Edgbaston, imesimama minara miwili iliyotenganishwa na mwendo wa dakika chache. Mmoja, uitwao Perrott's Folly, ulijengwa mwaka 1758 na una urefu wa mita 29 hivi. Wa pili ni mnara wa mitambo ya maji wa zama za Malkia Victoria. Wenyeji hupenda kuwaambia wageni kwamba minara hiyo ndiyo iliyompa J.R.R. Tolkien ile miwili ya riwaya yake. Dai hilo ni gumu kulithibitisha. Lililo wazi ni kwamba Tolkien alikulia katika mitaa hiyo, na kwamba humo alianza kujengeka ulimwengu ambao miaka mingi baadaye ungezaa michezo ya kompyuta inayomwuliza mchezaji swali la ajabu: je, wakubali kuwa mnyonya damu?

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaletwa Uingereza na mama yake mwaka 1895. Baba alibaki nyuma na kufariki mwaka uliofuata. Mama naye alipofariki mwaka 1904, yeye na mdogo wake waliachwa chini ya ulezi wa Padre Francis Morgan wa nyumba ya mapadre ya Oratory, Edgbaston, wakapewa chumba kwa shangazi mmoja katika Stirling Road. Mwaka 1908 walihamia nyumba ya wapangaji katika Duchess Road, na humo kijana huyo akakutana na Edith Bratt, yatima mwenzake aliyemzidi umri kwa miaka mitatu. Padre alipogundua mapenzi yao alimkataza kijana asiwasiliane naye mpaka atimize miaka 21. Alitii, akangoja, kisha akamwoa. Edith alipofariki mwaka 1971, mumewe aliagiza jina la Lúthien lichongwe juu ya kaburi lake.

Jina hilo ni la binti wa hadithi aliyoiandika na kuiandika upya karibu maisha yake yote, na ambayo wasomaji wengi waliikuta katika The Silmarillion, iliyochapishwa mwaka 1977 baada ya kifo chake. Ndani yake Lúthien na mpenzi wake Beren wanahitaji kupenya ngome ya mfalme wa giza. Beren anavaa ngozi ya mbwamwitu. Lúthien anavaa ngozi ya popo ya Thuringwethil, mnyonya damu aliyekuwa tarishi wa Sauron. Basi binti aliyechorwa kwa mfano wa msichana wa Duchess Road anaruka angani kwa mbawa za mnyonya damu. Ila yeye hanywi damu ya mtu. Mbele ya kiti cha enzi anavuliwa ngozi ile, anataja jina lake mwenyewe bila woga, na kushinda kwa wimbo. Kwa Tolkien, umbo la mnyonya damu ni vazi la safari. Huvaliwa kwa hofu, kwa haja kubwa, na huvuliwa.

Kiswahili hakipati shida kulielewa hilo, kwa kuwa mwigizaji kwetu husemwa kuwa amevaa uhusika. Na michezo ya kuvaa uhusika, iliyoanza mezani kwa karatasi na dadu, ilichota sana kutoka kwa Tolkien. Toleo la kwanza la Dungeons & Dragons, la mwaka 1974, lilikuwa na hobiti wake hata jina, mpaka wenye haki walipolalamika nalo likabadilishwa. Mnyonya damu alikuwamo tangu kabla ya hapo. Katika mchezo wa Blackmoor ulioendeshwa na Dave Arneson huko Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchezaji mmoja aligeuka mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, naye akapata nguvu nyingi mno hata ikabidi abuniwe mhusika wa aina mpya wa kumkabili: kasisi. Ni vema kulikumbuka tukio hilo. Mara tu mtu alipopewa nafasi ya kuwa mnyonya damu, wenzake mezani waliona haja ya kuweka kizuizi.

Kompyuta ilipochukua nafasi ya meza, kizuizi kilihamia katika kanuni. Mfululizo wa The Elder Scrolls, unaotengenezwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani, unaonyesha vizuri safari hiyo. Katika Daggerfall (1996), Morrowind (2002) na Oblivion (2006), unyonyaji damu huanza kama maradhi. Mchezaji akiambukizwa ana siku tatu za kutafuta tiba, na akizembea hugeuka. Uchaguzi ulikuwapo, lakini ulikuwa uchaguzi wa mgonjwa asiyekwenda kutibiwa. Malipo yake yalikuwa mazito. Katika Daggerfall mhusika huhesabiwa kuwa amekufa, huzinduka makaburini, na uanachama wake katika vyama vyote umefutika. Katika Morrowind watu wengi hukataa kusema naye. Katika Oblivion, kadiri anavyokaa bila damu ndivyo jua linavyomchoma na ndivyo watu wanavyomkimbia. Kwa maneno mengine, adhabu ilikuwa ya kijamii: aliyeamua kuishi kwa damu za watu alipoteza salamu zao.

Mwaka 2012 nyongeza ya Dawnguard katika mchezo wa Skyrim ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, uchaguzi uliwekwa peupe. Mchezaji huingia katika ngome ya Volkihar, ambamo mwenyeji, bwana Harkon, humpa zawadi ya damu yake: mwili wenye mbawa za popo na nguvu za kutisha. Akikubali, hujiunga na ukoo wa wanyonya damu. Akikataa, hufukuzwa na kubaki huru kwenda kuwapiga vita. Pili, malipo yalishushwa. Kabla ya nyongeza hiyo, mnyonya damu aliyekaa na njaa mpaka daraja la mwisho alishambuliwa na kila aliyemwona. Baada yake, aliweza kupita sokoni na kununua bidhaa kama kawaida. Kadiri ridhaa ilivyozidi kuwa wazi, ndivyo gharama yake kwa mridhiaji ilivyopungua. Ngozi ya popo aliyoivaa Lúthien kwa kutetemeka ikawa tuzo.

Wengi hujadili uchaguzi huo kwa hesabu ya faida na hasara za mchezaji: mbawa dhidi ya jua, uchawi dhidi ya moto. Ni nadra kutajwa waliolazwa juu ya meza katika ukumbi huohuo wa Harkon, wanadamu ambao wenyeji wake wanawala wakati mgeni anapokaribishwa. Wale hawakuulizwa kitu. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoweza kuleta kumbukumbu yake mwenyewe, na kwa bahati njema sehemu ya njia ya kumbukumbu hiyo inapita Edgbaston.

Chini ya mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Stirling Road kipo Chuo Kikuu cha Birmingham, na katika maktaba yake ya nyaraka, Cadbury Research Library, zimehifadhiwa kumbukumbu za Church Missionary Society. Hiyo ndiyo jumuiya iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka 1846. Ndiyo iliyoanzisha Freretown mwaka 1875 na hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Barua, taarifa na hesabu za wageni waliokuja Afrika Mashariki na vitabu, dawa na desturi zao zimelala Edgbaston. Anayezisoma hupata habari za jinsi wageni walivyowaona wenyeji. Jinsi wenyeji walivyowaona wageni ni habari inayopaswa kutafutwa pia mahali pengine, na mojawapo ya mahali hapo ni katika neno mumiani.

Neno hilo lina asili ya Kiajemi na lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, iliyosafirishwa katika biashara ya Bahari ya Hindi kwa ajili ya kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, iliieleza dawa hiyo na kuongeza kwamba wengi waliamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya watu. Kufikia wakati huo neno lilikuwa limekwisha hama kutoka kwenye dawa kwenda kwa watu wanaoitafuta. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, Tanganyika waliitwa pia chinjachinja, Katanga wakaitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White, aliyekusanya masimulizi hayo na kuyachapa katika kitabu cha mwaka 2000, aligundua jambo ambalo mpenzi wa Dracula hangelitarajia. Mnyonya damu wa Afrika Mashariki hana meno marefu, wala haogopi jua. Ana sare, gari, zamu na mshahara. Hata mkewe hajui anafanya kazi gani.

Basi katika masimulizi hayo pia mtu huchagua kuwa mnyonya damu, ila huchagua kama anavyochagua ajira. Hapati uzima wa milele wala mbawa. Anapata hela za mwisho wa mwezi, na damu yenyewe hainywi yeye. Inakwenda kwa wakubwa, mahali ambapo msimulizi hajawahi kufika. Wasimulizi walikuwa wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, utawala ulioendeshwa kwa mikono ya watu waliowafahamu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na sare nayo ni nguo.

Kiswahili kiliendelea kulifanyia kazi wazo hilo hata baada ya uhuru. Neno lilelile la kunyonya ndilo lililotoa unyonyaji, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaliweka katikati ya siasa ya Tanzania. Katika hotuba na vibonzo vya wakati ule mnyonyaji alikuwa kupe, au mtu mwenye mrija. Masharti ya uongozi yaliyofuatana na Azimio yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha au hisa katika makampuni. Yalimtaka aamue, kwa hiari yake na mbele ya wenzake, iwapo atakuwa mnyonyaji au la. Sir Fang alikabiliwa na kasisi. Kupe alikabiliwa na fomu ya kutia saini.

Tofauti kati ya mapokeo haya mawili iko katika mahali swali linapoelekezwa. Mchezo humwuliza mchezaji atapoteza nini. Masimulizi ya mumiani humwuliza nani atapotea. Hadithi iliyochipuka Edgbaston ilikuwa karibu zaidi na swali la pili kuliko michezo iliyorithi ulimwengu wake, kwa sababu Lúthien alivaa ngozi ile ili kumwokoa mtu na hakuigeuza kuwa riziki.

Mwaka 1958 mtu mmoja alikamatwa mjini Kampala kwa kujaribu kukiuzia kituo cha zimamoto mtu mwenzake. Alikuwa amesikia, kama walivyosikia wengi, kwamba zimamoto hununua watu kwa ajili ya damu yao. Akaenda kupatana bei. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Hapakuwa na mnunuzi, wala bei, wala damu iliyowahi kununuliwa pale. Kilichokuwapo kweli ni utayari wake. Majirani zake waliisikia habari ileile, wakaharakisha kurudi nyumbani kabla ya giza na kuwaonya watoto wao dhidi ya magari mekundu. Yeye aliisikia kama tangazo la kazi.