Sanaa ya Kurejesha Yaliyofutwa Diskini

Mtu aliyechomeka diski yake ya nje kwenye kompyuta, akakubali kuifomati akidhani kwamba anafomati diski nyingine, kisha akaona mahali palipokuwa na picha za harusi ya binti yake na hesabu za biashara yake pamekuwa patupu, huamini kwa dhati ya moyo kwamba mali yake imeteketea. Na imani hiyo, ijapokuwa macho yake yanaishuhudia, aghalabu si sahihi. Historia ya sanaa ya kurejesha faili ni historia ya watu waliotambua kwamba kuharibu kitu na kuharibu habari za mahali kilipo ni mambo mawili mbalimbali.

Diski ya sumaku ya kwanza kuingia sokoni, iliyotangazwa na kampuni ya IBM Septemba 1956 pamoja na mashine iliyoitwa RAMAC, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, nazo kwa jumla zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Kwa kuwa maandishi yaliyotawanywa juu ya sahani zinazozunguka hayafai kitu pasipo fahirisi, kila mtindo wa diski uliofuata ulikuja na fahirisi yake. Mwaka 1977 Marc McDonald wa Microsoft alibuni ile iitwayo FAT, ambayo vizazi vyake vingali vikitumika katika flashi na kadi za kamera. Diski hugawanywa vipande vipande. Orodha moja hutaja majina ya faili, na jedwali jingine huonyesha kipande kipi hufuata kipi. Faili ikifutwa, maandishi yenyewe hayaguswi: herufi ya kwanza ya jina huondolewa ikawekwa alama maalumu, na vipande vyake huhesabiwa kuwa viko huru. Diski ikifomatiwa kwa njia ya mkato, orodha na jedwali huandikwa upya vikiwa vitupu. Ni kama karani wa forodha aliyechana daftari lake: marobota yangali ghalani, ila hapana ajuaye lipi ni la nani, na shehena mpya ikishuka, wapagazi watayaondoa ya zamani ili wapate nafasi.

Miongoni mwa walioieneza elimu hii kwa watu wa kawaida, jina lililovuma ni la Peter Norton, mwandishi wa programu wa Marekani, ambaye alifuta faili yake bila ya kukusudia, na badala ya kuiandika upya akaandika programu ya kuirejesha. Mwaka 1982 aliiuza programu hiyo pamoja na nyingine kwa jina la Norton Utilities. Programu za namna hiyo zilimwuliza mwenye faili herufi ya kwanza ya jina la faili, madhali hiyo ndiyo herufi iliyopotea. Nami sijaona ushahidi bora kuliko huo wa udogo wa kile kinachopotea mtu anapofuta faili.

Kurejesha diski nzima iliyofomatiwa kulikuwa kazi nzito zaidi, kwa sababu kufuta faili moja huacha jina karibu kamili, ilhali kufomati huondoa orodha kuu ya majina pamoja na jedwali la mfuatano. Katika miaka ya 1980 Paul Mace alisifika kwa programu zake zilizothubutu kuifanya kazi hiyo. Aliyeipekua diski kwa subira aligundua kwamba orodha ndogo ndogo, zilizokuwa chini ya orodha kuu, hazikuguswa, na kwamba faili ambayo vipande vyake vilipangwa kwa mfululizo iliweza kusomwa hata pasipo jedwali. Ilipofika 1991, toleo la tano la MS-DOS lilikuja na amri za UNDELETE na UNFORMAT, zilizotoka kwa kampuni ya Central Point Software, na amri ya kufomati yenyewe ikafunzwa kuweka akiba ya fahirisi ya zamani kabla ya kuifuta. Huo ulikuwa uungwana mkubwa kwa wanadamu, ambao kughafilika ni sehemu ya maumbile yao.

Pale ambapo fahirisi imepotea kabisa, wataalamu hutafuta faili kwa wajihi wake. Picha ya JPEG huanza kwa baiti zile zile siku zote, na hati ya PDF hujitaja jina mwanzoni. Basi programu huisoma diski tangu mwanzo hadi mwisho na kuokota kila inachokitambua. Kwa njia hiyo wachunguzi wa jinai wa Jeshi la Anga la Marekani waliandika programu iitwayo Foremost, na Mfaransa Christophe Grenier akaandika PhotoRec, ambayo hutolewa bure hadi leo. Faili hurejea bila ya majina, na zilizotawanyika huweza kurejea pungufu, lakini hurejea.

Sanaa hii ilifika kilele chake katika msiba. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani Columbia kilivunjika juu ya Texas, na watu wote 7 waliokuwamo wakafariki. Miezi kadhaa baadaye, katika ziwa lililokauka, ilipatikana diski iliyoungua yenye matokeo ya jaribio la gesi ya zenoni. Jon Edwards wa kampuni ya Ontrack alizisafisha sahani zake, akaziweka katika diski nyingine, na akarejesha takriban asilimia 99 ya data. Mfumo wa DOS, uliopanga maandishi kwa mfululizo, ulimsaidia sana. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008.

Wasaa wa sanaa hii, hata hivyo, unazidi kuwa finyu. Tangu Windows Vista, kufomati kwa ukamilifu huandika sufuri juu ya diski nzima. Na diski zisizo na sahani, zinapoambiwa kwa amri ya TRIM kwamba nafasi fulani ni huru, hujisafisha zenyewe, na fundi hukuta utupu mtupu.

Wala serikali haikusalimika na kosa la kufomati diski isiyokusudiwa. Julai 2006 fundi wa idara ya mapato ya jimbo la Alaska alifomati kwa makosa diski yenye maombi ya wananchi ya gawio la mafuta, akafomati na diski ya akiba, kisha kanda za sumaku zilizotegemewa zikawa hazisomeki. Picha 800,000 za hati zilipotea. Ilibidi karatasi zilizokuwa katika maboksi 300 zipitishwe upya kwenye skana, na jimbo likagharimika zaidi ya dola 200,000.

Msomaji, ikikufika hali kama hiyo, chomoa diski hima, usiandike juu yake hata neno moja, na faili utakazozipata uziweke katika diski nyingine. Na nakala uliyoitunza kwa ajili ya siku hiyo, ifungue leo ujue kama inasomeka.