Waliopanga Mambo ya Natta

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Ikoma, mwenye neno Natta, mkoani Mara, hakuwa mtemi. Ilikuwa saiga, rika lililoshika nchi kwa miaka minane kisha likaliachia rika linalofuata. Lilipoingia zamu, watu wake waliizunguka nchi kwa miguu na kuikinga kwa dawa, maradhi na maadui wasipenye. Mambo ya ndani na ulinzi dhidi ya Wamaasai vilikuwa mikononi mwa watu walewale, na kila mmoja alijua siku yao ya kung'atuka.

Wakoloni walitaka mtu mmoja wa kumtuma na kumdai kodi. Wakasimamisha machifu, na mwaka 1926 Waingereza wakautungia sheria utawala huo. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963.

Baada ya hapo sera ilitoka kwenye chama tawala, TANU. Azimio la Arusha la 1967 lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU. Novemba 6, 1973, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humuhumu Mara, alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Mwaka 1974 familia za Natta ziliacha miji yao ya zamani, makaburi ya wazee na mashamba, zikapangwa kwenye vijiji vipya. Jambo zito kiasi hicho lilistahili kujadiliwa kwanza na wale waliotakiwa kuhama.

Leo mwenye kupanga sera, ya ndani na ya nje, ni mhimili wa Serikali. Baraza la Mawaziri humshauri Rais, lakini Ibara ya 37 ya Katiba haimfungi kufuata ushauri. Bunge huisimamia Serikali, hupitisha bajeti na huridhia mikataba ya kimataifa. Hata vita hutangazwa na Rais. Spika huliita Bunge ndani ya siku 14 liamue kama linaunga mkono.

Kwa Natta, sera ya nje na ya ndani hukutana porini. Serengeti iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti, yalikokuwa mawindo na malisho ya wenyeji, yakawa mapori ya akiba. Sheria ya Wanyamapori ya 1974 ilimpa Rais uwezo wa kutangaza pori la akiba kwa amri yake, bila muswada kupelekwa bungeni.