Kukarabati bafu: Anza na yaliyofichika

Wengi wanaopanga kukarabati bafu huanzia dukani, wakichagua rangi ya vigae. Hilo ni kosa, kwani yaliyo muhimu hufichwa chini ya vigae hivyo.

Kabla ya kubandika kigae cha kwanza, mabomba yajaribiwe kwa maji, sakafu ipewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji, kisha ipakwe dawa ya kuzuia maji kupenya. Ikikauka, ziba tundu, mwaga maji yafunike sakafu na usubiri saa 24. Afadhali jirani wa ghorofa ya chini alalamike sasa.

La hatari zaidi ni shawa ya umeme, maana anayeoga husimama majini. Nyingi hutumia takriban wati 5,000, hivyo zahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, waya wa ardhi, na swichi inayojizima umeme unapovuja. Kazi hii si ya fundi wa mabomba, hata akijitolea kuifanya bure. Mwite fundi wa umeme aliyepewa leseni na EPRA, nawe uitishe leseni yenyewe uione.